Siku 74

Mwaka jana mwezi wa tano, saa tatu usiku hivi, dada ndo kwanza anaingia kutoka shifti, koti hajavua, kitambulisho cha kazini bado kinaning'inia shingoni, mwanae akamfuata jikoni na simu mkononi akamwambia mama hebu nisomee hii imeili, mi nimeisoma mara tatu naona kama sielewi. Dada akaisoma. Akavuta kiti akakaa. Afu akanipigia mimi, na hakusalimia, dada yangu mi namjua, hata awe kwenye matatizo gani lazima akuulize habari za huko na watoto wameamkaje, siku hiyo akasema tu "nimekutumia skrinishoti, isome afu unipigie."

Nikaisoma. Chuo cha huku Uingereza alichoomba kinasema kimepitia fomu yake ya maelezo ya ukaazi na kwa mujibu wa kanuni za ada yeye ni "Overseas", yaani mgeni, kwa hiyo ada ya mwaka wa kwanza ni pauni 27,400. Ofa ipo palepale, alama wanazotaka zilezile, kozi ileile ya uhandisi wa umeme. Rafiki yake waliyesoma naye toka Year 5, wamekaa meza moja ya fizikia miaka miwili, kaomba kozi hiyohiyo chuo hichohicho, ya kwake imeandikwa "Home", yaani mwenyeji, pauni 9,535.

Tofauti kwa mwaka mmoja ni pauni 17,865. Na huyo rafiki hiyo 9,535 haitoi mfukoni, serikali inakilipa chuo kwa mkopo afu yeye atakuja kukatwa kwenye mshahara akishaanza kazi, tena akipata zaidi ya pauni 25,000 kwa mwaka, asilimia 9 ya kile kinachozidi hapo. Wetu sisi alitakiwa atoe taslimu. Dada anafanya kea, analea wazee, shifti za usiku na wikendi, hiyo 27,400 hata akiacha kula na kulipa kodi ya nyumba haipati.

Mimi hilo neno nalijua vizuri kwasababu nililipa kwa jina hilo. Septemba 2011 nilikuja kusoma masters kaskazini mwa Uingereza, mama alikopa SACCOS ya walimu, wajomba wakachanga, nikalipa nusu ya ada nikaambiwa nusu nyingine Januari. Ile miezi ndo shilingi ikaanguka vibaya sana, hela ambayo nyumbani walikuwa wameshaikusanya wakidhani imetimia ikawa haitoshi tena, kila nikipiga simu mama ananiambia bado kidogo mwanangu, bado kidogo. Januari ikapita. Siku moja asubuhi nimefika geti la maktaba nikagusisha kadi, taa ikawaka nyekundu, nikagusisha tena, nyekundu, nyuma yangu foleni ya wanafunzi wamebeba kahawa zao wanasubiri. Mlinzi akaniambia kwa upole kabisa nenda ofisi ya fedha. Nilienda nikakuta wenzangu wengi tu wamekaa kwenye viti vya bluu, wote wageni, hakuna hata mwenyeji mmoja. Zile wiki tatu niliandika insha zangu kwa kusoma kwenye kompyuta ya mwenzangu wa Kingereza ambaye kwa darasa lilelile, mwalimu yuleyule, kiti cha pembeni yangu, alikuwa analipa chini ya nusu ya ninacholipa mimi. Hakuwa na kosa lolote yule dada, na alikuwa hajui hata kwamba tunalipa tofauti, nilipomwambia alinyamaza muda mrefu.

Lakini mimi nilikuja na viza ya mwanafunzi, nilijua bei kabla sijapanda ndege. Nilikubali. Kijana wetu hakukubaliana na mtu yeyote, aliletwa na wazazi wake ana miaka 9, kajifunza kuogelea huku, kavunjika mkono huku, Kiswahili chake chenyewe siku hizi kina lafudhi ya mji wa Reading. Ndo maana ile imeili iliniuma kuliko taa nyekundu ya mwaka ule.

Tuelewane kwanza hii bei mbili inatoka wapi, maana watu wengi wa kwetu wanadhani ni kitu cha juzi. Zamani mwanafunzi mgeni na mwenyeji Uingereza walitozwa sawa, mpaka mwaka 1967 serikali ikaamua mgeni alipe pauni 250 wakati mwenyeji anatozwa 70. Afu 1980, enzi za waziri mkuu Thatcher, ikaja amri kwamba mgeni anayeanza alipe gharama kamili ya masomo yake, serikali haiweki tena mkono. Mwenyeji yeye kwa kipindi chote hicho alikuwa analipiwa na serikali, hadi 1998 ndo wakaanzisha ada ya pauni 1,000, ikaenda 3,000 mwaka 2006, ikarukia 9,000 mwaka 2012 baada ya wanafunzi kuandamana London nzima 2010. Ikapanda kidogo 2017 kufika 9,250 na ikakaa hapohapo miaka nane wakati kila kitu kingine kinapanda, mishahara, umeme, kila kitu. 2025 ndo ikawa 9,535. Sasa ada ya mwenyeji ina dari, sheria inasema usizidishe hapa. Ya mgeni haina dari. Chuo kinajipangia chenyewe, kinapandisha kikitaka, na lile pengo la hela ambalo ada ya mwenyeji haizibi linazibwa na mgeni. Hilo wala sio siri, vyuo vyenyewe vinasema hadharani.

Na huyo mgeni anayekuja na viza hatozwi ada tu. Kuna ya viza, kuna ya afya pauni 776 kwa kila mwaka wa viza, kuna hela ya kujikimu ambayo lazima ikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka hata senti chini ya kiwango, nimeona watu wamekataliwa kwasababu siku ya 26 benki ilikata makato yake. Anayetaka kuja nitamwandikia posti yake siku nyingine. Leo naongea na sisi tulioko huku na watoto.

Kitu ambacho nataka kila mzazi wa kwetu akijue ni kwamba neno "Home" kwenye ada haliangalii mtoto kasoma wapi, haliangalii anaongea lafudhi gani, haliangalii mama yake amelipa kodi miaka mingapi. Linaangalia vitu viwili, karatasi gani unayo na umeishi wapi, na vyote viwili vinapimwa kwa siku moja tu. Kwa kozi inayoanza kati ya Agosti na Desemba siku hiyo ni Septemba 1 ya mwaka unaoanza chuo. Njia ambayo wengi wanapita ni kwamba siku hiyo uwe raia au una ukaazi wa kudumu, NA uwe umekaa humu kama makazi yako ya kawaida miaka mitatu kamili kabla ya siku hiyo, na hiyo miaka mitatu isiwe ulikuja kwa ajili ya shule tu. Wakimbizi wana kifungu chao. Watu wa Ulaya walikuwa na chao, kikaisha kwa wengi wao kuanzia mwaka wa masomo wa 2021 baada ya Brexit. Ukipata ukaazi wa kudumu katikati ya kozi, mwezi wa pili mwaka wa kwanza mfano, kwa kawaida haikusaidii, unaendelea na ada uliyoanza nayo mpaka umalize.

Sasa hapo kwenye miaka mitatu nisimame, maana kuna familia nyingi tunaumia na wala hatujui. Huu mtindo wetu wa kumpeleka mtoto nyumbani bodingi akanyooshwe, kafika miaka 13 kaanza kujibu, kaanza makundi, baba anasema huyu aende Arusha, aende Mombasa, aende Kampala akasome na wenzake huko akili imkae sawa. Mi sijasema ni vibaya, nimeona waliorudi wamebadilika kweli. Lakini anarudi ana miaka 18 na pasipoti yake ya Uingereza mkononi, anaomba chuo, anaambiwa Overseas. Mzazi anachanganyikiwa, mwanangu ni Mwingereza, amezaliwa Luton, inakuwaje? Inakuwa hivyo kwasababu pasipoti ni nusu ya sharti, ile nusu nyingine ni wapi ulikuwa unaishi. Unaweza kujieleza kwamba alitoka kwa muda tu, nyumba yake ilibaki huku, likizo zote alirudi, na wengine wanakubaliwa, lakini hapo ushaingia kwenye kubishana na ofisi, na ushahidi wa tiketi za ndege za miaka minne unautoa wapi saa hizi? Kama mtoto wako yuko bodingi nyumbani sasa hivi na anakaribia kidato cha nne, rudi ukahesabu leo, usisubiri.

Turudi kwa kijana wetu. Yeye tatizo lake lilikuwa karatasi. Dada alikuja Julai 2016 na watoto wawili kumfuata mume wake, ndoa ikavunjika, viza zao zilikuwa zimeegemea kwa yule baba, kuna kipindi makaratasi yakakatika kabisa, hicho kipindi sitakielezea hapa. 2018 wakapewa kibali cha miezi 30, wakaingizwa kwenye ile njia ya miaka 10, yaani unapewa kibali cha miezi 30 mara nne ndo uombe ukaazi wa kudumu. Kila mara ni kulipia maombi na kulipia ada ya afya, mtu mzima siku hizi pauni 1,035 kwa kila mwaka wa kibali. Watafika 2028. Kwa hiyo Septemba 2025 walikuwa halali kabisa, wana haki ya kufanya kazi, wana haki ya kusoma, ila sio wakaazi wa kudumu. Kwenye fomu ya chuo kijana alijaza ukweli, "limited leave", yaani kibali chenye muda, na kompyuta au mtu aliyekaa nyuma yake akamwekea Overseas ndani ya siku mbili.

Usiku ule sikulala. Nilianza kusoma kanuni, na kiukweli nilianza kwa hasira tu, lakini saa nane usiku nikakutana na jina la binti mmoja, Beaurish Tigere. Huyu alizaliwa Zambia, akaja Uingereza 2001 ana miaka 6, akasoma msingi mpaka A-level, akapata ofa za vyuo, afu akanyimwa mkopo kwasababu kibali chake hakikuwa cha kudumu. Akaenda mahakamani. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu na Julai 2015 akashinda, majaji watatu kwa wawili. Baada ya hapo serikali ikalazimika kuweka kifungu cha waliokaa muda mrefu, na kifungu hicho leo kipo kwenye mkopo na kipo kwenye ada za England. Kinasema hivi, kama siku hiyo ya Septemba 1 hujafika miaka 18, uwe umeishi Uingereza miaka 7. Kama umefika 18, uwe umeishi nusu ya umri wako wote, au miaka 20. Na ile miaka mitatu ya mwisho uwe umeishi kihalali.

Nilisoma hicho kifungu kwa sauti peke yangu sebuleni. Miaka 7! Kijana ana 9! Nikataka kumpigia dada saa hiyohiyo, bahati nikasoma tena. Sio hujafika 18 wakati unaomba, ni hujafika 18 Septemba 1. Na England wanapanga madarasa kwa Agosti 31, kwa hiyo karibu kila mtoto anayeanza chuo kwa wakati wake Septemba 1 ameshatimiza 18. Ile miaka 7 ipo kwenye karatasi, anayeifaidi ni nadra. Ikabaki nusu ya umri.

Nikachukua kalamu. Kazaliwa Januari 2007, kaingia Julai 2016. Nikahesabu kwa miaka ikanipa karibukaribu, nikahesabu kwa miezi, nikaona hapa lazima kwa siku, nikaanza kuhesabu mpaka miaka mirefu yenye Februari 29. Mpaka Septemba 1, 2025 atakuwa na siku 6,807 duniani. Nusu yake ni 3,403 na nusu. Siku alizoishi Uingereza mpaka siku hiyo ni 3,330.

Zinapungua siku 74.

Nikarudia. Nikarudia tena asubuhi na kikokotoo cha mtandaoni nikiomba nimekosea. 74. Wangesafiri mwezi wa tano badala ya mwezi wa saba. Na dada ananiambia tiketi za kwanza zilikuwa za Aprili kweli, wakasogeza ili mtoto amalize muhula na kwasababu bibi alikuwa anaumwa, wakataka wamuone kabla ya kuondoka. Mtoto alikaa na bibi yake ile miezi mitatu, na bibi hakumaliza mwaka. Nilipomwambia dada hiyo namba alinyamaza, afu akasema "sijutii hata siku moja ya zile." Sawa, na mimi ningejibu hivyo hivyo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Dada yangu ana jembe mkononi mwaka wa tisa huu, analima, anageuza wazee vitandani saa kumi alfajiri, analipa kodi kila mwezi, analipa ada ya afya juu ya kodi ya afya ambayo ameshakatwa. Mtoto wake ameshika jembe toka ana miaka 16 na kazi yake ya Jumamosi. Kumwita mtu huyo mgeni mi nimekataa na nitaendelea kukataa, na namwandikia mbunge wangu kuhusu hicho kifungu cha nusu ya umri, kwasababu kinamuumiza zaidi mtoto aliyekuja akiwa na miaka 9 au 10, anasoma huku karibu shule yote afu mlangoni anaambiwa bado.

Ila hasira hailipi ada. Kitu nilichokiona wakati natazama zile namba ni kwamba nusu ya umri inasogea. Kila mwaka unaokaa, umri unaongezeka siku 365 lakini nusu yake inaongezeka 182 na nusu tu, wakati siku zako za kukaa zinaongezeka zote 365. Kwa hiyo akisubiri mwaka mmoja tu, Septemba 1, 2026, nusu ya umri wake ni siku 3,586 na siku za kuishi humu ni 3,695. Anapita kwa siku 109. Mtoto yuleyule, karatasi ileile, anakuwa mwenyeji kwa kusubiri.

Kumwambia kijana wa miaka 18 asubiri mwaka mzima wakati wenzake wote wanaondoka ni kazi ngumu jamani. Alinisikiliza mpaka mwisho, afu akaniuliza, "Mama mdogo, na wakibadilisha kanuni kabla sijafika?" Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwambia tutafuatilia kila wiki. Agosti 14 matokeo yakatoka, alama anazo, zaidi ya walizotaka. Septemba tukamsindikiza rafiki yake stendi na masanduku yake, yeye akaenda kuanza kazi kwenye ghala la vifurushi, anabeba boksi kama tulivyobeba sisi. Chuo kilikubali kuahirisha ofa mpaka 2026, niseme ukweli yule mama wa udahili aliyejibu hilo ombi alikuwa mwepesi na muungwana, tofauti na ofisi ya ada ambayo imeili tatu walijibu kwa kunakili aya ileile.

Na hapa kuna jambo la kushika. Anayeamua hadhi yako ya ada ni chuo chenyewe. Sio Home Office, wizara inayotoa viza, na UCAS wanaopokea maombi ya vyuo nao hawaamui. Mkopo unaamuliwa na Student Finance England, ofisi nyingine kabisa, fomu nyingine. Vyuo viwili vinaweza kukuangalia wewe yuleyule vikatoa majibu tofauti, kwahiyo ukiona jibu la kwanza usilale nalo, omba waangalie upya na uwatajie kifungu chenyewe, ila fanya hivyo kabla hujaanza masomo. UKCISA, shirika linaloshauri wanafunzi wageni, wameandika vifungu vyote kwa lugha inayosomeka na ni bure. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini wana kanuni zao na ada zao, usichukue hesabu yangu ya England ukaipeleka Glasgow. Na kwa ambao hawapiti kifungu chochote, vipo vyuo vinatoa ufadhili wa "sanctuary" kwa waomba hifadhi na wengine wenye vibali kama vya dada na watoto wake.

Tulivyoanza kujiandaa na fomu ya pili, Oktoba, ndo nikajua kuhesabu siku ni rahisi, kuzithibitisha ndo shughuli. Chuo kinataka ushahidi wa kila mwaka toka 2016. Pasipoti ya zamani ya mtoto yenye muhuri wa kuingia ilikuwa imebaki Home Office wakati wa maombi ya nyuma, ikarudi imetobolewa kona lakini muhuri unasomeka, tarehe yote. Daktari wao akatoa orodha ya chanjo na siku waliyosajiliwa. Kilichokosekana ni kati ya 2017 na 2018, kile kipindi cha makaratasi kukatika, walihama nyumba mara tatu, hakuna bili hata moja yenye jina lao. Dada akasema basi imeisha.

Nikachukua likizo siku moja nikaenda naye ile shule ya msingi. Mama wa ofisini ni yuleyule wa mwaka ule, kamkumbuka kijana kwa jina, akamuuliza mkono ulipona? Akaingia ndani akakaa kama dakika 40, akarudi na karatasi nne kazichapa, rejista ya mahudhurio ya miaka miwili, siku baada ya siku, asubuhi na mchana, na hiyo miaka miwili kijana alikosa siku sita tu. Akagonga muhuri wa shule kila ukurasa na akatia sahihi. Dada alizishika zile karatasi kwa mikono miwili mpaka kwenye gari.

Mkopo nao tumeuongea sana, maana sisi ni Waislamu na una riba. Ahadi ya mkopo usio na riba ilitolewa toka 2013, sheria ya 2017 ikairuhusu serikali kuuanzisha, mpaka leo naandika haujaanza. Kuna vijana wa msikitini kwetu wameacha chuo kabisa kwasababu hiyo, wengine wanasoma kidogo wanafanya kazi kidogo walipe wenyewe, wengine wamemuuliza shehe wao wakachukua. Familia yetu bado tunalizungumza na sitaki kumsemea kijana, lakini kulipa 9,535 kwa akiba ya ghala na shangazi na wajomba kuchanga ni mlima unaopandika. 27,400 haukuwa mlima, ulikuwa ukuta.

Fomu tuliituma mwezi wa kwanza ikiwa na viambatanisho 31. Jibu limekuja wiki iliyopita Jumanne, kijana yuko kazini na kazini simu haziruhusiwi, kwa hiyo aliisoma kwenye basi saa nne usiku. Alinitumia skrinishoti bila neno lolote. Ada kwa mwaka 2026, pauni 9,790, maana na yenyewe imepanda tena, na juu yake "Home".

Dada ameichapa. Kaiweka kwenye faili moja na ile ya mwezi wa tano. Mdogo wake kijana anatimiza miaka 15 mwezi huu, yeye alikuja ana miaka 5, nimeshampigia hesabu mpaka Septemba 1, 2029 na anapita mbali sana. Faili lake tumelifungua Jumapili, kwa sasa lina kadi ya chanjo, ripoti ya Year 1 na picha ya darasa ambayo nyuma yake mwalimu aliandika tarehe.